Siheyuan, yaodong, tulou, Huizhou au nyumba ya nguzo: ukipata siku chache China, ukalale nyumba ipi?

Kila mwaka Septemba inapokaribia napata ujumbe wa aina moja. Mdogo wangu wa mtaani amepata nafasi ya kusoma Wuhan, au shangazi amekwenda Guangzhou kufuata mzigo na amebakiza siku nne kabla ya ndege. Swali ni lile lile: "Wewe umekaa China, niende wapi nikaone nyumba zao za asili, si maghorofa?" Nikijibu kwamba inategemea, wanadhani nawakwepa. Basi leo naandika yote mahali pamoja, nami nipumzike.

Shida ni kwamba China haina nyumba moja ya asili, kama sisi tusivyo nayo. Picha ambayo wengi wanayo, ya paa lililopinda ncha na taa nyekundu zinazoning'inia, ni ya mahekalu na migahawa. Nyumba za watu ni habari nyingine. Kuna iliyochimbwa chini ya ardhi hata ukipita juu yake hujui kama kuna familia inapika chini ya miguu yako. Kuna ya udongo, mviringo kama ngoma, inayobeba ukoo mzima. Kuna inayokaribisha mvua sebuleni kwa makusudi.

Nimechagua tano, na nitazipima kwa mambo matano. La kwanza ni adui: nyumba hii ilijengwa kupambana na nini? La pili ni ujenzi wake. La tatu, nani alilala wapi, maana ramani ya nyumba ni ramani ya familia. La nne, mgeni akilala humo leo anakutana na nini. La tano ndilo ambalo mawakala wa safari hawakuambii, nalo ni msimu. Wao watakupeleka Aprili au Oktoba, hali ya hewa ikiwa nzuri. Lakini hali ya hewa ikiwa nzuri hata turubai ni nyumba. Ukitaka kuijua nyumba, ifuate ikiwa kazini, yaani adui wake akiwa mlangoni.

Siheyuan, Beijing

*Adui.* Baridi kavu na upepo wa kaskazini. Wastani wa joto la Januari Beijing uko chini ya sifuri, na masika hufika vumbi kutoka upande wa Mongolia. Kwa hiyo majengo manne yamezunguka ua, yameipa dunia mgongo, yanatazamana. Nyumba kuu iko upande wa kaskazini ikielekea kusini, na ukuta wake wa nyuma hauna dirisha la maana. Jua la majira ya baridi kule hupita chini, upande wa kusini, hivyo linaingia mpaka ndani ya chumba. Kiangazi jua likipanda, upenu wa paa unalizuia. Lango halikai katikati. Liko pembe ya kusini mashariki, na ukishavuka kizingiti unakutana na ukuta, si ua. Aliyekulia nyumba za mawe za Lamu, ambako kutoka daka hadi kiwanda lazima ukate kona, ataielewa bila mkalimani.

(Neno kwa anayetaka kurudi na ramani hii akajenge Kibaha: jua letu halifanyi hivyo. Juni linapita kaskazini yetu, Desemba kidogo kusini, na kinachotuchoma ni mashariki asubuhi na magharibi jioni. Kuelekeza nyumba kusini kule ni hesabu. Hapa kwetu ni pambo.)

*Ujenzi.* Matofali ya kijivu na vigae vya kijivu, lakini mzigo wa paa unabebwa na nguzo za mbao. Mafundi wa kule wana msemo kwamba ukuta ukianguka nyumba haianguki.

*Nani alilala wapi.* Wazee kaskazini, kwenye jua. Mtoto wa kwanza wa kiume na mkewe mashariki, wadogo magharibi, watumishi kusini karibu na lango. Familia ikiwa na uwezo iliongeza ua wa pili nyuma, kisha wa tatu. Wenyewe hueleza kwa herufi zao: nyumba ya ua mmoja ni 口, mdomo, ya nyua mbili ni 日, jua, ya tatu ni 目, jicho. Ukitazama ramani kutoka juu, kweli ndivyo zilivyo.

*Ukilala humo leo.* Hapa nisikudanganye. Nyumba nyingi ziligawanywa baada ya 1949, palipokaa familia moja zikaingia familia kumi. Baada ya tetemeko la Tangshan la 1976 watu walijenga vibanda uani kwa dharura, na vibanda vikabaki. Ua wa namna hiyo ni nyumba ya kupanga kama ya Manzese: kamba za nguo, majiko ya pembeni, baiskeli, na choo cha umma huko kichochoroni. Nilipita mmoja wakati wa baridi nikaona kabichi za Kichina zimepangwa kando ya ukuta kama matofali, zimefunikwa blanketi kuukuu; mboga ya miezi mitatu. Uani bado kulikuwa na mkunazi wao, umepukutika majani, na kijiwe chini ya mti ambapo wazee wawili walikuwa wanacheza sataranji ya Kichina wamevaa glavu. Nyumba za wageni zilizokarabatiwa ni jambo jingine kabisa: sakafu inapashwa joto, bafu ni la ndani, bei ni ya juu, na jirani humwoni.

*Msimu na anayefaa.* Desemba hadi Februari, ila ukwepe wiki ya Mwaka Mpya wao. Inamfaa mwenye muda mfupi, mwenye miguu mibovu (kila kitu kiko chini), na anayetaka kuelewa familia ya Kichina kabla ya kuelewa chochote kingine. Anayetafuta ukimya wa kijijini hataupata.

Yaodong, uwanda wa udongo wa njano

*Adui.* Mawili: joto na baridi vinavyopishana vibaya, na uhaba wa mbao. Kuanzia Gansu hadi Henan, kupitia Shaanxi na Shanxi, kuna uwanda wa udongo laini wa njano ulioletwa na upepo kwa mamilioni ya miaka. Sehemu nyingine unene wake unazidi meta 100. Miti ni adimu, mawe ni adimu. Lakini udongo wenyewe una tabia moja nzuri: ukiukata wima unasimama. Basi watu wakaacha kujenga, wakaanza kuchimba.

*Ujenzi.* Kuna namna tatu. Ya kwanza inachimbwa kwenye ubavu wa genge, tao moja pana kiasi cha meta tatu na kina cha meta saba au nane, mbele kuna mlango na dirisha kubwa la fito za mbao lililobandikwa karatasi. Ya pili ni ya mahali ambapo hakuna genge: wanachimba shimo la mraba kwenda chini meta sita au saba, shimo linakuwa ua, kisha wanatoboa vyumba kwenye kuta zake nne. Ni siheyuan iliyozamishwa. Hizi ziko Sanmenxia, mkoa wa Henan, na ukitembea uwandani unaona vilele vya miti vikichungulia kutoka ardhini, unasikia jogoo, na hakuna nyumba. Ya tatu inajengwa juu ya ardhi kwa matao ya mawe au matofali, halafu inafunikwa udongo, kama katika mji wa Pingyao.

Mvua je? Hapo ndipo ufundi ulipo. Uani huwa na kisima cha kupokea maji ya mvua yazame ardhini. Juu, ukingoni, kuna kaukuta kafupi ka kuzuia maji na watoto wasitumbukie. Na dari, ambayo kwa mpita njia ni uwanja tu, haipandwi kitu. Mvua ikikatika, mwenye nyumba anapanda na gogo la jiwe, analiviringisha kushindilia udongo ili nyufa zisipate nafasi.

*Nani alilala wapi.* Maisha yote yalikuwa juu ya kang, kitanda cha matofali kinachochukua theluthi ya chumba. Jiko la kupikia limeungana nacho, na moshi unapita chini ya kitanda kabla ya kutoka nje. Unapika ugali wa mtama, unapata na joto la kulalia. Upande wa karibu na jiko ni wa wazee au mgeni. Usiku wangu wa kwanza kaskazini ya Shaanxi nilipewa heshima hiyo. Mgongo ulikuwa unaungua, vidole vya miguu baridi, na mama mwenye nyumba alicheka akanionyesha kwa mikono jinsi ya kujigeuza, kama chapati. Asubuhi maji ya kwenye ndoo iliyobaki nje yalikuwa barafu tupu. Ile ya ndani, mbali na jiko, ilikuwa maji.

*Ukilala humo leo.* Nyuma ya chumba kuna giza hata saa sita mchana, maana mwanga unaingia mbele tu. Hewa haizunguki vizuri, na Julai na Agosti, mvua zao zinaponyesha, shuka zinakuwa na unyevu. Vijana wengi wamehamia nyumba za matofali juu ya ardhi, kwa hiyo unachokuta ni wazee, au nyumba za wageni zilizowekewa umeme na bafu. Na lipo jambo zito zaidi. Tetemeko la Shaanxi la mwaka 1556 linahesabiwa kuwa baya kuliko yote yaliyoandikwa, inasemekana walikufa watu wapatao 830,000, na sababu moja kubwa ni kwamba wengi walikuwa wamelala ndani ya mapango haya. Udongo unaosimama wima ukikatwa hauna subira ukitikiswa.

Kwa wapenda siasa: Mao na wenzake waliishi katika yaodong za Yan'an baada ya ule mwendo mrefu wa jeshi lao la kikomunisti, na Xi Jinping alipelekwa kijiji cha Liangjiahe akiwa kijana, akakaa huko tangu 1969 hadi 1975. Sehemu zote mbili zinatembelewa, na zote mbili zimejaa makundi ya watu waliovaa beji.

*Msimu na anayefaa.* Januari. Hakuna nyumba kati ya hizi tano inayoonyesha kazi yake waziwazi kama hii. Unatoka kwenye baridi ya kuuma masikio, unainamisha kichwa, umefika. Inamfaa anayependa historia, na anayefahamu tembe la Wagogo au nyumba yoyote ya udongo, kwa sababu atakuwa na maswali ya maana ya kuuliza. Haimfai mwenye pumu wala mwenye hofu ya mahali palipofungwa. Sanmenxia iko kwenye reli ya kasi kati ya Zhengzhou na Xi'an, hivyo hata ukiwa unakwenda kuona askari wa udongo wa Xi'an unaweza kushuka njiani.

Tulou, Fujian

*Adui.* Watu. Mvua na tufani zipo, lakini kuta zenye unene wa zaidi ya meta moja hazikujengwa kwa ajili ya mvua. Wahakka, ambao jina lao maana yake ni familia za wageni, walishuka kutoka kaskazini kwa mawimbi ya karne nyingi na kukuta ardhi nzuri tayari ina wenyewe. Wakabaki milimani, pamoja na majambazi na ugomvi wa koo. Majirani zao Waminnan, watu wa kusini ya Fujian, nao wakajenga hivyo hivyo.

*Ujenzi.* Udongo wa kushindiliwa tabaka kwa tabaka ndani ya kalibu ya mbao, umechanganywa na mchanga na chokaa, ndani yake zimelazwa fito za mianzi badala ya nondo. Orofa tatu hadi tano. Mlango ni mmoja, na orofa mbili za chini hazina dirisha la nje. Baadhi ya malango yana tundu juu la kumwagia maji, iwapo adui ataleta moto. Ndani ni kinyume: mbao tupu, baraza zinazozunguka kila orofa, zote zinatazama uwanja wa katikati penye ukumbi wa mababu.

*Nani alilala wapi.* Hiki ndicho ninachokipenda zaidi. Familia haipewi orofa, inapewa kipande cha wima, kama kipande cha keki. Chini jiko, juu yake ghala la nafaka, juu zaidi vyumba vya kulala. Vyumba vina ukubwa mmoja. Tajiri wa ukoo na fukara wa ukoo wanapanda ngazi zile zile. Chengqilou, iliyokamilika 1709, ina duara ndani ya duara hadi nne na vyumba karibu 400. Zhenchenglou ya 1912, iliyojengwa na ukoo uliotajirika kwa kutengeneza visu vya kukatia tumbaku, imegawanywa sehemu nane kwa kuta za matofali ili moto ukishika upande mmoja usimalize nyumba. Yuchanglou nguzo zake za ndani zimeinama kama walevi, na watu wanaanika nguo humo bila wasiwasi.

*Ukilala humo leo.* Sakafu ni mbao, ukuta wa kati ni mbao, na jirani akikoroma mnakoroma pamoja. Choo kiko chini, mara nyingi nje, na ngazi ni za wima gizani. Zamani ndoo ya haja ndogo ilikaa barazani. Mchana kuna wauza chai wanaokuita kila mlango, na kwingine utaambiwa usipande juu kwa sababu ni kwa watu kulala. Ni kweli, ni kwao. Lakini mabasi ya watalii yakiondoka saa kumi na moja jioni, nyumba inarudi. Moshi wa majiko unapanda katikati ya duara, bata wanarudi, bibi anamwita mjukuu na sauti inazunguka ukuta mzima. Ukiondoka na mabasi umeona jengo tu.

UNESCO iliorodhesha majengo 46 mwaka 2008, kwa hiyo hutakosa pa kwenda. Tahadhari moja ya tiketi: tulou nyingi maarufu ziko wilaya ya Nanjing ya Fujian, ambayo haina uhusiano wowote na jiji kubwa la Nanjing lililoko Jiangsu. Kwa herufi za Kichina ni tofauti, kwa herufi zetu ni sawa. Ukitokea Xiamen ni safari ya chini ya saa moja kwa treni. Ukikosea, unaamka nchi nyingine kabisa.

*Msimu na anayefaa.* Adui wa nyumba hii hayupo tena, hivyo msimu si lazima. Mimi ningeenda Novemba, mapersimoni yanapoanikwa kwenye nyungo kubwa. Inamfaa anayesafiri na kundi, na anayevumilia kelele. Watoto watakimbia barazani mpaka wachoke. Mama mwenye magoti mabovu asilale juu.

Nyumba za Huizhou, kusini ya Anhui

*Adui.* Moto, wezi na unyevu, vyote pamoja. Huizhou ni milima mingi na mashamba haba, kwa hiyo vijana walitumwa ugenini wakiwa na miaka kumi na tatu au kumi na nne kuuza chumvi, chai na mbao. Waliofanikiwa walirudisha pesa nyumbani, wakabaki huko huko kwenye biashara. Nyumba ikawa na mali nyingi, wanawake, watoto, na bwana aliye mbali. Ndiyo maana kuta zake ni ndefu, nyeupe, na madirisha ya nje ni matundu madogo juu sana.

*Ujenzi.* Zile kuta za pembeni zinazopanda kama ngazi kupita paa, zinazoitwa vichwa vya farasi, si urembo. Zinakata moto usiruke kutoka paa hadi paa katika vichochoro vyembamba. Katikati ya nyumba kuna kisima cha anga, uwazi mdogo katika paa. Mapaa ya pande zote nne yanainamia ndani, mvua inamiminika humo na kupokelewa na mfereji wa mawe sebuleni. Kwa mfanyabiashara, maji ni mali, na mali haimwagwi nje. Kijijini Hongcun maji ya mto yaliingizwa kwa mifereji inayopita mbele ya milango hadi bwawa la katikati.

*Nani alilala wapi.* Ukumbi unaelekea kisima cha anga, vyumba vidogo vya giza viko pembeni, wanawake juu. Mezani, dhidi ya ukuta wa ukumbi, utakuta kitu kile kile kila nyumba: saa katikati, chombo cha maua upande mmoja, kioo upande wa pili. Ukitamka kwa Kichina mlio wa saa, chombo na kioo kwa mfuatano, unasikia kama "utulivu maisha yote". Fikiria mke ambaye mumewe yuko safarini miaka mitatu akiifuta vumbi hiyo saa.

*Ukilala humo leo.* Michoro ya mbao, matofali na mawe utaishiba. Baridi pia utaishiba, kwa kuwa kisima cha anga hakina kifuniko na kitanda cha moto cha kaskazini huku hakipo. Wenyeji hukaa juu ya pipa la mbao lenye makaa chini, kiuno kwenda chini kina joto, juu unavaa koti. Xidi na Hongcun ziko UNESCO tangu 2000 na wanafunzi wa sanaa wanakaa kila ukingo wa maji na vibao vyao vya kuchorea. Vijiji vya jirani visivyo na jina vina kuta zile zile na hakuna geti la tiketi.

*Msimu na anayefaa.* Juni, katika mvua ndefu zinazoitwa mvua za plamu. Kila mtu atakushauri usiende. Nenda, ukae kwenye kiti cha ukumbini, uangalie pazia la maji likishuka pande nne mbele yako wewe ukiwa mkavu. Inamfaa msomaji, mchoraji, mtu wa kahawa na ukimya. Kutoka Hangzhou kuna treni ya kasi hadi Huangshan tangu 2018, kwa hiyo mwenye shughuli za biashara Yiwu, si mbali na Hangzhou, hana kisingizio.

Na kama uko Marekani na China ni mbali: nyumba nzima ya Huizhou, Yin Yu Tang, ilifunguliwa kipande kwa kipande, ikavushwa bahari na kusimamishwa upya katika jumba la makumbusho la Peabody Essex, Salem, Massachusetts. Iko wazi kwa umma tangu 2003.

Nyumba za nguzo, Guizhou na Hunan

*Adui.* Mteremko na unyevu. Kwa makabila ya Wamiao, Wadong na Watujia ardhi tambarare ni ya mpunga, si ya kulala. Nyumba inapandishwa mlimani, nyuma imekaa juu ya mwamba, mbele imesimama kwa miguu.

*Ujenzi.* Mbao tupu, zimeungwa kwa ulimi na tundu bila msumari. Fundi wa Kidong hatumii ramani. Ana ufito wa mwanzi uliochorwa alama za vipimo vyote vya nyumba, na ufito huo ndio kitabu chake.

*Nani alilala wapi.* Nguruwe na kuni chini, watu katikati kuzunguka moto, nafaka juu penye ukavu.

*Ukilala humo leo.* Sakafu inalia kila hatua. Adui wa ndani ni moto: kijiji kizima cha mbao kinaweza kuisha usiku mmoja, ndiyo maana Wadong hujenga maghala mbali na nyumba, mara nyingi juu ya mabwawa, na desturi ya mtu kuzunguka jioni na upatu akikumbusha watu wazime moto bado ipo. Ukivuta sigara, uliza kwanza.

*Msimu na anayefaa.* Mei hadi Septemba, hewa ya chini ya sakafu inapofanya kazi. Inamfaa mtembea milima. Xijiang ina kaya zaidi ya elfu moja na taa za usiku kama harusi. Mwenye kutaka utulivu ashuke stesheni ya Congjiang kwenye reli ya Guangzhou–Guiyang, aende Zhaoxing au vijiji vya juu yake.

Sasa wewe uko wapi?

Uko Guangzhou, mzigo umeshafungwa, una siku moja. Usijitese na safari ndefu. Tembea Xiguan, wilaya ya Liwan, utafute mlango wa fito za mbao za mviringo zilizolazwa kama ngazi: ukiufunga mwizi haingii, hewa inaingia. Ukiwa na siku mbili, basi likupeleke Kaiping, kwenye minara iliyojengwa na Wachina waliorudi kutoka Amerika na Asia ya Kusini Mashariki, mingi miaka ya 1920 na 1930. Imebaki zaidi ya 1,800, UNESCO imeitambua tangu 2007, na mtu yeyote aliyejenga ghorofa kijijini kwa pesa za ughaibuni ataielewa mara moja.

Wewe ni mwanafunzi, una likizo ya baridi na koti zuri: yaodong. Likizo yako ikiwa ya kiangazi, nyumba za nguzo.

Mnasafiri wengi, kuna watoto: tulou, na mlale usiku mmoja angalau. Mnasafiri wawili mnaotaka kuongea polepole: Huizhou, mvua ikiwepo.

Una wiki ya kwanza ya Oktoba tu: baki ulipo. Nchi nzima inasafiri wiki hiyo.

Popote utakapochagua kijijini, piga simu kabla uulize kama wanapokea mgeni mwenye pasipoti ya kigeni. Hoteli hukuandikisha yenyewe. Ukilala nyumba ya mtu, sheria inataka ukaandikishwe polisi ndani ya saa 24, na si kila mwenyeji anajua utaratibu.

Na shangazi, kwa kuwa najua utasoma hadi hapa: siheyuan. Hakuna ngazi, choo kiko ndani ukichagua iliyokarabatiwa, na asubuhi watakuletea uji wa mchele kwenye ua. Beba soksi nzito.